Nafundisha kipaimara, lakini sijui kama bado naamini

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 31, mhasibu, naishi Moshi mjini. Nyumbani ni Machame. Kwetu ni Walutheri tangu enzi za mababu: babu mzaa baba alikuwa mwinjilisti, mama ni mwimbaji wa kwaya na aliwahi kuwa mzee wa kanisa, na mimi nilikuwa na bahasha yangu ya ahadi kabla hata sijapata mshahara wa kuitilia kitu. Kila Jumamosi napanda daladala kwenda kufundisha darasa la kipaimara, kwa miaka kadhaa sasa.

Sikuwa na tatizo lolote mpaka kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliponyoosha mkono. Ni wale watoto wanaosoma mbele ya mwalimu. Alikuwa amefika Samweli wa Pili, sura ya 21. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa imeandikwa Elhanani ndiye aliyemuua Goliathi. Daudi je?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, kidole kilikuwa bado kiko kwenye mstari. Nikamwambia nitamjibu Jumamosi ijayo. Jumamosi nyingi zimepita, shangazi, na kila nikiingia darasani ananitazama.

Nilipoanza kutafuta jibu ndipo nikafungua mambo mengine. Nikakuta Samweli wa Pili sura ya 24 inasema Mungu ndiye aliyemchochea Daudi kuhesabu watu, na Nyakati wa Kwanza sura ya 21 inasema ni Shetani. Nikasoma kwamba waliochimba Yeriko hawakukuta ukuta wa Yoshua. Nikasoma kwamba sensa iliyompeleka Yusufu Bethlehemu haipatani na miaka ya Herode. Kisha nina binamu yangu Arusha, anaongoza watalii, aliacha kanisa zamani. Nilipomgusia tu, akaanza kunitumia klipu usiku kucha: kwamba Biblia ilichaguliwa kwa kura Nikea mwaka 325 kwa amri ya Kaisari Konstantino, kwamba habari za Yesu zimenakiliwa kwa Horus, mungu wa Misri ya kale, aliyezaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, kwamba Yesu mwenyewe hakuwahi kuwepo. Nimefika mahali sijui lipi la kweli na lipi la mtandaoni.

Nilimuuliza mwinjilisti wa mtaa wetu. Alinijibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako," akaniwekea mkono kichwani, akaomba niponywe. Mchungaji sijamwendea. Rafiki yangu wa karibu naye ananiambia bora niamini tu: nikifa nikamkuta Mungu yupo nimepona, nisipomkuta sijapoteza kitu. Kihesabu limekaa sawa, lakini moyo unalikataa.

Najua watu wakisikia mtu ameyumba kiimani huuliza nani kamuumiza. Mimi sijafiwa, sijaachwa, sijatapeliwa na mtumishi. Nimesoma tu.

Sasa mambo yamekuja kwa mpigo. Nimependekezwa kuingia baraza la wazee, na Januari tutasimamishwa madhabahuni mbele ya usharika wote. Desemba ndugu zangu wote wanapanda nyumbani, na mama ameshasema ibada ya Krismasi nitaongoza mimi. Nikubali uzee wa kanisa? Nimwambie mama? Na kweli imeshathibitishwa kwamba Mungu hayupo, au nakimbilia mambo? Nawe shangazi, unaamini?

Mwalimu wa Jumamosi, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Umefanya vizuri kunieleza kwamba hujafiwa, maana ningekimbilia kukupa pole na kuacha swali lako mezani. Ni swali la mtu aliyesoma, na mtu aliyesoma hujibiwa kwa hoja.

Tuanze na ya binamu, hayo ni mepesi. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 325 ulikuwepo, na Konstantino ndiye aliyeuitisha, lakini orodha ya vitabu vya Biblia haikuwa kilichowakutanisha. Waligombana juu ya mafundisho ya Ario, kama Mwana ni sawa na Baba au ni kiumbe, na wakapanga pia jinsi ya kuhesabu Pasaka. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, iko kwenye barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Horus? Katika masimulizi ya Wamisri wenyewe, Isis alichukua mimba ya mumewe Osiris baada ya kuukusanya mwili wake uliokatwakatwa. Hapo bikira hayupo. Na hiyo tarehe 25 Desemba haimo hata ndani ya Biblia, kwa hiyo kuinakili kutoka Misri kungekuwa kazi bure.

La Yesu kutokuwepo kabisa, wanahistoria karibu wote wanalikataa, hata wale wasioingia kanisani. Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo waziwazi, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, wakati wa Kaisari Tiberio. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anamtaja Yakobo kuwa ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Hayo hayathibitishi ufufuo hata kidogo. Yanathibitisha kwamba mtu huyo alikuwepo na aliuawa. Binamu yako analaumu kanisa kwa kupokea mambo bila kuyachunguza, na usiku huohuo anakusambazia asichokichunguza.

Sasa uliyoyakuta mwenyewe. Hayo ni mazito, na mengi uko sahihi.

Yeriko ina historia yake, na inafaa uijue yote. Miaka ya 1930 Mwingereza John Garstang alichimba pale akatangaza kwamba ameukuta ukuta wa Yoshua, umeanguka vilevile kama kitabu kinavyosema. Unaweza kuwaza jinsi mahubiri yalivyonoga. Kati ya 1952 na 1958 akaja Mwingereza mwenzake, Kathleen Kenyon, akachimba kwa utaratibu mkali zaidi, tabaka kwa tabaka, akilinganisha vigae vya vyungu. Akakuta ule ukuta wa Garstang ulianguka karibu miaka elfu moja kabla ya wakati anaowekwa Yoshua. Mji wenyewe uliteketea mnamo 1550 KK, na katika karne ya 13 KK, ambayo wataalamu wengi huiweka safari ya Waisraeli, hapakuwa na mji wa maana wa kuzungukwa mara saba. Wapo wanaobisha mpaka leo, lakini wanaakiolojia wengi wako na Kenyon. Vivyo hivyo kwa wanaume laki sita wa Kutoka 12:37: ukiongeza wake na watoto unapata watu kama milioni mbili jangwani kwa miaka arobaini, na Sinai haijatoa alama ya umati wa namna hiyo.

Upande wa pili nao usifichwe. Mwaka 1896 lilipatikana Thebes, Misri, jiwe la Farao Merneptah la mnamo 1208 KK, linalojisifu kwamba Israeli imeangamizwa. Kwa hiyo watu waitwao Israeli walikuwepo Kanaani tayari. Mwaka 1993 huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, likapatikana jiwe la karne ya tisa KK lenye maneno "nyumba ya Daudi". Kabla ya hapo walikuwepo wasomi waliosema Daudi ni hadithi tupu. Hilo nalo liliwanyamazisha kidogo.

Sensa: Luka anasema Kirenio alikuwa liwali wa Shamu, na kwa mujibu wa Yosefo sensa yake ilifanyika mwaka 6 BK. Herode alikufa mwaka 4 KK. Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa bado anatawala. Ni pengo la miaka kama kumi, na majaribio ya kuliziba niliyoyasoma yananoga zaidi kwa aliyeamua mapema kwamba lazima lizibike.

Na Goliathi wa kijana wako. Umefungua Nyakati wa Kwanza 20:5? Pale Elhanani anamuua nduguye Goliathi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Nyakati iliandikwa baadaye, na mwandishi wake alikuwa na Samweli mbele yake. Basi tazama kilichotokea: alifika kwenye mstari uleule, akaona uleule mgongano, akaurekebisha. Ndivyo pia kwa kuhesabiwa watu. Aliona vigumu Mungu amchochee mtu kwenye dhambi kisha amwadhibu, akaandika Shetani. Kwa Goliathi, wapo wanaosema ni mnakili wa Samweli ndiye aliyeruka neno, na hilo linawezekana. Kwa vyovyote, swali la mtoto wa kidato cha kwanza kule Machame lilishaulizwa na mwandishi wa Biblia mwenyewe, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Na waliokusanya vitabu wakaviacha vyote viwili, bila kufuta kimoja. Mimi hilo hunivutia kuliko ukuta wowote.

Mwinjilisti wako angeshtuka kusikia hili, lakini hata Luther alikuwa na vitabu asivyovipenda. Mwaka 1522, katika dibaji za Agano Jipya alilolitafsiri, aliuita Waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, akausogeza mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo. Alifanya hivyo hadharani, wala hakuacha kuwa Luther.

Basi imeshathibitishwa kwamba Mungu hayupo? Hapana. Wewe ni mhasibu: ukikuta stakabadhi yenye kasoro husemi kampuni haipo, unakagua daftari zima. Kutoka "vita hii haikutokea hivi" kwenda "Mungu hayupo" kuna hatua ambayo jembe la mwanaakiolojia haliwezi kuipiga. Haliwezi pia kuipiga kwa upande wa pili. Jiwe la Tel Dan linatuambia juu ya ukoo wa mfalme, juu ya Mungu wa huyo mfalme halina la kusema. Kilichoanguka kwako ni lile fundisho kwamba hakuna kosa hata moja ndani ya kitabu. Hilo limeanguka kweli, na sitakusaidia kulisimamisha.

Kwa kuwa uko Moshi, nikupe kisa cha hapohapo. Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona Mlima Kilimanjaro una theluji, akaandika. London walimcheka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alieleza kwa kujiamini kabisa kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba mmisionari ameona vibaya. Babu zako walikuwa wakiiona theluji hiyo kila asubuhi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken akapanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikamwangukia, mjadala ukapungua nguvu.

Watu wa dini hukipenda kisa hiki: mmisionari alisema kweli, wenye shaka wakaumbuka. Mimi nakisoma vingine. Kumtilia shaka Rebmann halikuwa kosa. Ni shahidi mmoja, mwenye macho mabovu kwa jinsi walivyodai, akileta habari ngeni. Kosa la Cooley lilikuwa kuziba masikio huku njia ya kuhakikisha ipo: funga safari, panda. David Hume, Mskoti, alishaandika mwaka 1748 kwamba ushahidi wa muujiza upimwe kwa kuuliza lipi lina uwezekano zaidi, muujiza kutokea au shahidi kukosea. Ni kipimo kizuri, ila Cooley anaonyesha kinavyoweza kumponza anayekitumia akiwa amekaa. Ufufuo, kwa bahati mbaya, hauna mlima wa kupanda kwenda kuutazama. Tunabaki na mashahidi wa kale na uzito tunaowapa. Atakayekuambia ana uthibitisho, awe wa kanisani au wa Arusha, mwombe akuonyeshe njia ya kupanda.

Kama unatafuta hoja nzito dhidi ya Mungu, usiitafute Yeriko. Iko wodi ya watoto. Mwema na mwenye uwezo wote, basi haya yanatoka wapi? Swali hili huhusishwa na Epikuro wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na Biblia nayo imelibeba: Ayubu aliuliza sura baada ya sura, na Mungu aliposema naye katika upepo wa kisulisuli alimpa maswali, hakumpa sababu. Nimesikia majibu mengi ya hili, misibani hasa, na hakuna lililonitosha.

Rafiki yako na kamari yake, mwambie hesabu haijakamilika. Amkute Mungu yupi? Jirani yako anayeswali msikitini naye anaweza kukupigia hesabu hiyohiyo, na mababu zako waliomtolea Ruwa, Mungu wa Wachagga, mbuzi kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika mwaka 1893 wangekupigia ya kwao. Isitoshe, Mungu ajuaye mioyo atajua kwamba umekuja kwa bima.

Umeniuliza kama naamini. Naamini. Ni Mkatoliki, nasali, na ziko Jumapili nasali kwa mazoea tu. Sababu zangu sizileti hapa, maana ungezipokea kwa sababu ni za shangazi.

Sasa ya kufanya.

Kijana kwanza, Jumamosi hii. Usimjibu wewe. Mpe afungue Samweli wa Kwanza 17, mwenzake afungue Samweli wa Pili 21, wa tatu Nyakati wa Kwanza 20, wasome kwa sauti mmoja baada ya mwingine, kisha uulize darasa linaona nini. Waambie wasomi wanaeleza hivi na hivi. Ukifika kwenye mafundisho, sema "kanisa letu linafundisha hivi". Huo ni ukweli mtupu, na hakuna atakayekudai useme zaidi. Malizia darasa lako mpaka wapokee kipaimara. Kuwaacha watoto njiani kwa sababu ya Kirenio sioni maana yake.

Uzee wa kanisa, hapana, si Januari hii. Darasani unaeleza kanisa linaamini nini. Madhabahuni utaulizwa wewe, mbele ya watu wote, na utajibu kwa kinywa chako. Ukiapa huku moyo haupo, utakuja kuichukia sauti yako kila kikao. Nenda kwa mchungaji peke yako, katikati ya wiki, umwambie una maswali ya imani unayoyafanyia kazi na unaomba jina lako lisubiri. Ukimaliza, mtajie Kathleen Kenyon, utazame uso wake. Wachungaji waliosoma theolojia, chuo cha Kilutheri cha Makumira au kwingineko, hukutana na mambo haya chuoni, wakayafanyia mitihani, wakapewa alama. Kwa nini hayafiki mimbarani ni lawama yangu ya siku nyingi kwa makanisa yetu yote, la kwangu likiwemo. Wanadhani wanawalinda waumini, kisha klipu ya dakika mbili inawamaliza.

Kuna mchungaji atakayefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, na kuna atakayekuombea uponywe kama yule wa mtaa. Ukimpata wa pili, shukuru, ondoka, ombi la jina lako litakuwa limeshafika.

Mama je? Krismasi usimwambie. Nyumba imejaa, mbuzi amechinjwa, wajukuu wanapiga kelele, na kaka zako kila mmoja atajifanya askofu. Kwenye grupu la ukoo ndiyo kabisa usithubutu. Ibada ya nyumbani ongoza kama moyo hauasi: wimbo, Luka 2, mwachie mama sala. Kusoma Luka 2 si kuapa. Ukishindwa hata hilo, mpe shangazi yako au kaka mkubwa, useme umechoka na safari.

Subiri wabaki wawili, Januari, wageni wameondoka, mnamenya ndizi za mtori. Usianze na Yeriko. Mama yako hakumwamini Mungu kwa sababu ya Yeriko, na ukimtolea Garstang na Kenyon atasikia kitu kimoja tu: binti yangu amesoma, sasa ananiona mjinga. Mwambie ulikataa uzee wa kanisa na kwa nini, kwa sentensi chache, umwache aulize. Atalia, pengine. Atataka kuita watu wakuombee. Mwombe aombe yeye mwenyewe kwanza, nyumbani, kabla ya kuita mtu.

Kisha muulize kama naye aliwahi kukaa na swali la namna hii. Ameimba kwaya miaka yote hiyo na amezika watu wengi. Usidhani wewe ni wa kwanza katika nyumba ile.